Liwali Aliondoka, Kadhi Akabaki

Kenya ilipopandisha bendera yake Desemba 1963, Mombasa ilikuwa na vyeo viwili vikubwa vilivyosalia kutoka enzi ya Sultani wa Zanzibar. Cha kwanza kilikuwa cha liwali. Huyu alikuwa mtu wa serikali, msimamizi wa mji kwa jina la Sultani, na bendera nyekundu iliyopepea juu ya Ngome ya Yesu ndiyo iliyokuwa alama ya mamlaka yake. Cha pili kilikuwa cha kadhi, ambaye hakuwa na askari wa kumtuma. Yeye alikuwa na vitabu vya fikihi, madaftari ya ndoa na talaka, na watu waliokuja mlangoni kwake na magomvi yao. Baada ya uhuru, uliwali, pamoja na umudiri uliokuwa chini yake, ulifutwa kabisa. Ukadhi upo hadi leo, umeandikwa ndani ya katiba, na Kadhi Mkuu wa Kenya ni miongoni mwa watu wanaojulikana zaidi Pwani nzima. Kwa nini aliyekuwa na nguvu akaondoka, na asiyekuwa nazo akabaki?

Jibu la haraka ni mkataba. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua zilizoufanya ukanda wa maili kumi wa Pwani, uliokuwa wa Sultani, kuwa sehemu ya Kenya, na katika barua hizo iliahidiwa kwamba mamlaka ya kadhi yatahifadhiwa. Jibu hili ni la kweli, lakini halitoshi. Barua zile zilikuwa na ahadi nyingine pia, kama vile kufundishwa Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu na kuwekwa maofisa Waislamu katika sehemu za Waislamu. Ni ukadhi, kuliko hizo zote, ambao watu waliupigania kizazi baada ya kizazi. Karatasi hailindi kitu ambacho watu hawako tayari kukisimamia. Hoja yangu ni kwamba kadhi wa Mombasa amedumu kwa sababu hukumu yake haikuwahi kusimama juu ya nguvu ya mtawala peke yake. Mtawala alimteua, lakini kilichofanya neno lake lifuatwe ni elimu aliyokuwa nayo na ridhaa ya watu wa mji. Kila mtawala aliyepita alilazimika kulizingatia jambo hili, hata pale lilipomuudhi.

Ushahidi wa zamani tulio nao ni wa Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini macho yake yaliona mengi. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, kila mlango wa msikiti ukiwa na kisima cha kina kifupi, kimoja au viwili, maji yakichotwa kwa chombo cha mti chenye kijiti cha dhiraa moja, na mkeka mnene wa kupangusia miguu kabla ya kuingia. Alisema watu wake ni wacha Mungu na wanafuata madhehebu ya Shafi. Kadhi wa Mombasa hakumtaja. Mogadishu, alikopita kabla ya hapo, ndiko alikoeleza jinsi hukumu ilivyoendeshwa: kadhi aliketi pamoja na mawaziri na maamiri, mambo ya sharia akiyakata yeye, na mambo mengine yakikatwa na wale wakubwa. Lililohitaji rai ya sultani liliandikwa, naye akajibu nyuma ya karatasi ileile. Hapo tunaona mgawanyo ambao Pwani iliujua mapema sana. Mtawala ana eneo lake na kadhi ana lake, na mtawala haingii la kadhi bila sababu. Mji wa Kishafi kama Mombasa, wenye misikiti, ndoa, mirathi na biashara ya bahari, haungeweza kuishi bila mtu wa kuyakata mambo hayo kwa kitabu.

Lakini picha inakuwa wazi zaidi baada ya Waomani kuitwaa Ngome ya Yesu kwa Wareno mwaka 1698. Waliokuja kutawala walikuwa Maibadhi, na waliotawaliwa walikuwa Mashafi. Kwa mtawala wa kawaida jambo jepesi lingekuwa kuwawekea watu kadhi wa madhehebu yake. Mabusaidi, ukoo wa masultani walioshika utawala baadaye, hawakufanya hivyo. Zanzibar waliweka makadhi wa pande zote mbili, na Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, Mshafi mzaliwa wa Barawa aliyefariki 1869, alikuwa miongoni mwa makadhi wakubwa wa enzi ya Sultani Sayyid Said. Mtawala mwenye merikebu na mizinga alijua kwamba kadhi asiyefuata madhehebu ya watu atakaa peke yake barazani. Angeweza kuutia mji mikononi kwa vita, lakini hangeweza kuwafanya watu wamwamini mtu wasiyemkubali katika ndoa za binti zao na mali za maiti wao.

Kisa cha Mazrui kinaonyesha jambo hili kwa uzito zaidi. Ukoo huu ulitawala Mombasa kama maliwali kwa takriban karne moja, ukakataa kuwa chini ya Mabusaidi, na mwaka 1837 Sayyid Said akauvunja. Wakuu wake walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi. Ali bin Abdallah Mazrui, aliyezaliwa 1825, alikuwa mtoto wakati huo. Alikwenda kusoma Makka, akaacha Uibadhi wa wazee wake akashika madhehebu ya Shafi, akarudi mwanachuoni mkubwa, na akawa kadhi Mombasa chini ya utawala uleule uliouangamiza ukoo wake. Waliopoteza ngome walirudi mjini kwa kitabu. Baada yake walifuata wengine wa nyumba hiyo: Sheikh Sulaiman bin Ali, Sheikh al-Amin bin Ali, Sheikh Muhammad Kassim, na katika karne hii Sheikh Hammad Kassim. Hakuna liwali aliyeweza kuwatoa katika nafasi hiyo, kwa kuwa hakuna liwali aliyewapa elimu yenyewe.

Atasema mtu: kadhi ni mteule, na mteule ni mtumwa wa anayemteua. Hofu hii ni ya zamani kuliko Mombasa. Imesimuliwa kwamba Imam Abu Hanifa, aliyefariki 767, alikataa kuwa kadhi wa Khalifa al-Mansur hata akatiwa gerezani, kwa kuwa alijua ugumu wa kukata haki ukiwa unakula kwa mfalme. Siwezi kusema kwamba makadhi wa Pwani wote waliepukana na mtego huo. Lakini tazama yaliyomkuta Sheikh Ali bin Abdallah mwenyewe. Darasa zake ziliwavuta baadhi ya Maibadhi kuingia katika Ushafi, Sultani Sayyid Barghash akakasirika, akamfunga. Sheikh alitoka gerezani baada ya Barghash kufa mwaka 1888. Mtu aliyekuwa chombo tu cha mtawala hangefungwa na mtawala. Alifungwa kwa sababu alikuwa na wafuasi ambao Sultani hakumpa na hakuweza kumpokonya.

Tuitazame sasa kazi yenyewe kwa karibu, maana ndani yake ndimo ridhaa inamoonekana. Kanuni ya msingi ya ukadhi ni fupi: anayedai alete ushahidi, na anayekana aape. Shahidi lazima awe mwadilifu, na uadilifu ni jambo linalojulikana na majirani, si na ofisi. Katika mji mdogo kama Mji wa Kale, ambapo Kibokoni, Kuze na Mlango wa Papa ni hatua chache baina yao, kadhi alimjua anayeapa, na anayeapa alijua kwamba kiapo chake kitazungumzwa msikitini baada ya sala ya alasiri. Kabla ya hukumu kulikuwa na suluhu. Mke na mume wakigombana, hutafutwa mwamuzi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke, kama Qur'ani ilivyoelekeza, na kadhi husubiri. Wengi hawafiki kwenye hukumu.

Chukua mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili, na nyumba ya mawe Kibokoni, yenye kuta za matumbawe na boriti za mikoko. Kwanza hulipwa gharama za maziko na madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja. Kinachobaki hugawanywa mafungu 32: mke hupata thumni, yaani mafungu 4, mtoto wa kiume 14, na kila binti 7. Hesabu hiyo haina ubishi, na mwanafunzi wa mirathi huifanya kabla ya kikombe cha kahawa kupoa. Lakini nyumba haikatiki vipande 32. Nani atakaa ghorofani? Mjane ataondolewa chumba alichokaa maisha yake yote? Hapo huja takharuji, ambapo mrithi mmoja hutoka katika mirathi kwa kupewa fedha au mali nyingine, wote wakiwa wameridhia. Kadhi huandika, mashahidi hutia mikono, na nyumba hubaki nzima. Sheria imesema mafungu, lakini amani ya nyumba imetoka kwenye makubaliano ambayo kadhi ameyasimamia bila kumlazimisha mtu. Katika Dola ya Uthmaniya kadhi alikuwa pia msimamizi wa mji, akikagua bei za sokoni na kupokea amri za Istanbul. Kadhi wa Mombasa hakuwa na sehemu kubwa ya hayo. Kwa hiyo alilazimika kuwa hodari zaidi katika kusuluhisha.

Tarehe 1 Julai 1895 Waingereza walitangaza himaya yao, na Lloyd Mathews, waziri wa Sultani, aliwaahidi watu wa Mombasa kwamba mambo ya dini ya Kiislamu yataheshimiwa na desturi zao za kale zitaendelea. Miaka miwili baadaye, chini ya Arthur Hardinge, zikatoka kanuni zilizoziweka mahakama za maliwali, mamudiri na makadhi katika mpango mmoja wa serikali. Wapo wanaosema kwamba ukadhi tunaoujua ni mtoto wa kanuni hizi. Wana haki katika jambo moja. Ngazi za vyeo, mishahara ya kila mwezi, madaftari ya serikali na rufaa kwa jaji wa Kiingereza ni vitu vya wakoloni. Lakini kuwekwa katika ngazi si kuzaliwa. Tena mpango huohuo uliompa kadhi mshahara ulimpunguzia kazi. Jinai zilikwenda kwingine. Wakfu zilipata tume yake mwaka 1900. Ardhi, iliyokuwa uti wa mgongo wa kesi za Pwani, iliwekwa chini ya sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, na aliyeshindwa kuthibitisha dai lake mbele ya msajili wa hatimiliki alishuhudia shamba likiwa mali ya serikali ya Kiingereza. Kadhi alibakiwa na ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi.

Na huko juu, rufani ilipofika, kitabu kilisomwa kwa macho mengine. Makadhi wa Pwani walitegemea sana Minhaj al-Talibin ya Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki 1277, pamoja na sherehe zake. Majaji wa Kiingereza nao waliitumia Minhaj, lakini katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1914 iliyotolewa kwenye tafsiri ya Kifaransa, si kwenye Kiarabu. Matokeo yake yalionekana wazi katika suala la wakfu wa jamaa, ambapo mtu hufunga nyumba au shamba kwa ajili ya kizazi chake. Fikihi ya Kishafi inauruhusu wakfu huu. Hata hivyo katika kesi ya Bakhshuwen iliyotoka Kenya, ambayo uamuzi wake umo katika ripoti za sheria za mwaka 1952, Baraza la Faragha la Mfalme huko London liliubatilisha kwa kufuata uamuzi uliotolewa juu ya India mwaka 1894, uamuzi ambao India yenyewe ilikuwa imeshautengua kwa sheria ya 1913. Kenya nayo ililazimika kutunga sheria, ile ya wakfu ya mwaka 1951, kurekebisha jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa msikiti wa Mandhry angewaeleza majaji. Mahakama ile ya London ilikuwa na nguvu zote za dola nyuma yake. Ilichokosa ni elimu ya jambo lililokuwa mbele yake.

Katika kipindi hicho cha kupunguzwa ndipo alipotokea kadhi aliyeonyesha kwamba ukadhi si ofisi tu. Sheikh al-Amin bin Ali, mwana wa yule Sheikh Ali aliyefungwa na Barghash, alizaliwa 1891, akafiwa na baba yake angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Sulaiman. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili mambo ambayo wanavyuoni waliotangulia waliyaandika kwa Kiarabu: elimu ya watoto wa kike, umoja, uzushi katika dini, na vijana walioiga Wazungu bila kupima. Kisha akawa Kadhi wa Mombasa, na kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Serikali ilimpunguzia mambo ya kuhukumu, naye akapanua mambo ya kusema. Wengi hawakukubaliana naye, na baadhi walimpinga hadharani. Ila hakuna aliyeona ajabu kwamba kadhi ndiye anayeuambia mji ukweli wake.

Kuna pingamizi moja ambalo ni zito kuliko yote, na lazima lijibiwe bila kuzungukazunguka. Nimesema ridhaa ya watu wa mji. Ridhaa ya watu gani? Mombasa ya karne ya 19 ilikuwa mji wa watumwa wengi, waliolima mashamba, kubeba mizigo na kulea watoto wa waungwana, na hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907 tu. Mtumwa hakuulizwa anamtaka kadhi gani. Kadhi aliandika hati za kuacha huru, na hilo ni jema, lakini sheria aliyoitumia ilimpa pia bwana wa zamani haki ya kumrithi mtumwa aliyemwacha huru, akifa bila warithi wengine, na watu waliokuwa wamejinunulia kibanda kwa jasho lao waliiona haki hiyo kama dhuluma. Sitetei. Ninachosema ni kwamba hoja ya ridhaa inaeleza pia mipaka ya ukadhi: uliwatumikia vizuri waliohesabiwa kuwa watu wa mji, na ukawa dhaifu kwa wale ambao mji haukuwahesabu. Kilichofuata baada ya 1907 ndicho cha kutazama. Waliokuwa watumwa na watoto wao hawakuikimbia mahakama ya kadhi. Walikwenda kufunga ndoa humo, kudai talaka humo, na kurithishana humo kama Waislamu wengine.

Wanawake nao wanatajwa kila mara kama waathirika wa mahakama hii, na hoja ya nusu fungu la binti ni ya kweli, mtu asiifunike. Lakini tuangalie nani anakwenda kwa kadhi. Mtafiti wa Kimarekani Susan Hirsch alikaa katika mahakama za makadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, na kitabu chake cha 1998 kilionyesha kwamba walalamishi wengi walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walipata walichokitafuta: matumizi yaliyokatwa, talaka iliyokataliwa, fasakhi, yaani ndoa kuvunjwa na kadhi, kwa mume aliyetoroka. Wanaume ndio waliolalamika kwamba kadhi ni wa wanawake. Sheria ya mahakama za makadhi ya mwaka 1967 ilikwenda mbali zaidi kwa kuagiza kwamba mashahidi wote wasikizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia. Mwanamke wa Majengo asiye na fedha ya wakili angeweza kuingia, akaeleza shida yake kwa Kiswahili, na akaeleweka. Kwa wengi hiyo ndiyo haki waliyoijua.

Baada ya uhuru kulikuwa na kipimo kingine. Kama ukadhi ulikuwa mali ya ukoo, au mali ya wenyeji wa Mombasa, mgeni asingekubaliwa. Mwaka 1968 Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa kadhi huko hadi mwaka mmoja kabla, alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuwa Mazrui wala mtu wa Mombasa. Mji ulimpokea kwa sababu ulizijua darasa zake, na mwaka 1969 tafsiri yake kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili ikaingia majumbani. Alishika kazi hiyo zaidi ya miaka kumi. Na pale serikali ilipotaka kuwatia Waislamu katika Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika 1981, upinzani ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1990 Bunge liliirekebisha ili Waislamu warithishane kwa sharia. Ndiyo, ridhaa hii ina pande mbili: kila Ramadhani inapoingia tunaona Kadhi Mkuu akitangaza mwezi, na wapo wanaomfuata na wapo wasiomfuata, kwa kuwa cheo peke yake hakijamtosha kadhi yeyote wa Pwani.

Mwaka 2004 viongozi wa makanisa walikwenda mahakamani kupinga kuwepo kwa mahakama hizi katika katiba, na tarehe 24 Mei 2010 Mahakama Kuu ikakubaliana nao kwamba dola isiyo na dini haiwezi kuipa dini moja mahakama yake. Hoja hiyo ina uzito, maana fedha za walipa kodi wa dini zote ndizo zinazomlipa kadhi. Lakini iliutazama ukadhi kama upendeleo uliotolewa na serikali, hali historia ya Mombasa inaonyesha kitu ambacho serikali ilikikuta hapo, kikapunguzwa nayo, kikapokelewa kwa masharti. Wakenya wengi walipiga kura ya ndiyo tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, na katiba mpya ikaubakisha ukadhi katika ibara ya 169 na 170. Ibara ya 170 ina sharti ambalo sheria ya 1967 haikuwa nalo. Sheria ile ilitaka tu wahusika wote wawe Waislamu. Katiba ya 2010 inataka wawe Waislamu, na tena wawe wamekubali wenyewe kuhukumiwa na kadhi.